Mji Mkongwe kwa Miguu: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: Mji Mkongwe wa Zanzibar unatembelewaje na mtu mwenye muda mchache, fedha za kawaida na macho yanayotaka kuona? Tumechagua saba.

Tuko wanne, tutashuka bandarini saa tatu asubuhi na kurudi Dar es Salaam kwa boti ya saa kumi jioni. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Uzungukeni mji kwa duara, na anzieni upande wa sokoni, si upande wa pwani. Wageni wengi wakitoka geti la bandari hufuata bahari kwa sababu ndiyo inayoonekana. Wanafika Forodhani saa tatu na nusu, bustani tupu, kisha wanaingia sokoni saa saba mchana, samaki wazuri wamekwisha na jua liko utosini.

Nyinyi shikeni Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, na kwa mwendo wa kawaida mtafika Darajani ndani ya dakika kumi na tano. Jengo la soko ni la 1904. Piteni kwanza kwenye samaki na nyama, kisha viungo. Karafuu nzuri ina kichwa chake kizima, na ukiikandamiza kwa ukucha inatoa mafuta. Isiyotoa kitu ni kuni tu. Na zafarani inayouzwa kwa bei ya binzari si zafarani, ni maua mengine yaliyokaushwa au kutiwa rangi. Iacheni.

Kutoka sokoni ni dakika chache tu hadi Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana na eneo la lililokuwa soko la watumwa. Pawekeeni saa nzima. Baada ya hapo ingieni ndani kwa njia ya Sokomuhogo hadi Jaws Corner, mkae barazani mnywe kahawa chungu kwa kashata, halafu mpite Baghani mtokee Shangani. Hapo ndipo pa chakula cha mchana. Saa nane mnakuwa Forodhani: Ngome Kongwe iko mbele yenu, imejengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoka, na kuingia uani hakuchoshi mtu. Rudini bandarini kwa Barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kushoto. Mtapita Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), kasri la masultani, mti mkubwa wa Mtini, na mwisho Dispensari ya Kale yenye roshani za mbao zilizochongwa. Dispensari hiyo ilianzishwa kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan. Jiwe la msingi liliwekwa 1887 na jengo likakamilika 1894. Hata kama miguu imechoka, simameni hapo dakika tano mtazame juu.

Muwe kwenye geti saa moja kabla ya boti. Watanzania wabebe kitambulisho, wasio Watanzania pasipoti, kwa kuwa bandarini Unguja kuna ukaguzi wa uhamiaji hata kwa anayetoka Bara. Mabegi makubwa yaacheni Dar. Gurudumu la begi na mawe ya vichochoro havipatani.

Ramani ya simu ilinizungusha mtaa mmoja mara tatu. Wenyeji wanajuaje walipo?
*Msomaji, Nakuru*

Simu hupata mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na kwenye kichochoro cha upana wa mita mbili kilichobanwa na kuta za ghorofa tatu mawimbi hayo yanagonga ukuta kabla ya kukufikia. Kidoti kinaruka hadi mtaa wa pili, nawe unakifuata. Kwa hiyo iweke mfukoni.

Shika umbo la mji. Mji Mkongwe umekaa kwenye ncha ya nchi kavu iliyochongoka kama pembetatu: pande mbili ni bahari, upande wa tatu ni Barabara ya Mkapa. Ukishika mwelekeo mmoja bila kurudi nyuma, baada ya dakika kumi na tano au ishirini utatokea baharini au barabarani. Hakuna kupotea kuliko hapo. Barabara hiyo yenyewe zamani ilikuwa mkono wa bahari ulioutenga mji na sehemu nyingine ya kisiwa. Watu walivuka kwa daraja, ndiyo maana soko linaitwa Darajani, na waliokaa upande wa pili wakasemwa wako Ng'ambo. Maji yalifukiwa kidogo kidogo hadi yakaisha. Majina yamebaki.

Majina ya mitaa ndiyo ramani ya kweli. Mkunazini palikuwa na mkunazi, Sokomuhogo paliuzwa muhogo, Hamamni pana hamamu, nyumba ya kuogea, ambayo Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliijenga kwa ajili ya watu wote (maji hayapo tena, lakini vyumba unaweza kuviingia). Kwa hiyo usiulize "hoteli fulani iko wapi?" Uliza mtaa: "Samahani, njia ya kwendea Kiponda?" Ukifika Kiponda, uliza msikiti au duka lililo jirani. Na salamu itangulie swali. Ukimkuta mzee barazani, shikamoo kwanza, au salamu alaykum, umngoje aitikie. Anayeanza na swali huonyeshwa kidole. Anayeanza na salamu mara nyingi husindikizwa hadi kona.

Familia yetu ina nyumba Kiponda. Miaka mitatu iliyopita tuliipiga lipu ya saruji nje na ndani. Sasa inabanduka kwa mapande, na chini ukuta unatoa unga mweupe. Fundi anashauri tuongeze saruji yenye nguvu zaidi. Tufuate?
*Msomaji, Muscat*

Msifuate. Saruji ndiyo iliyoleta ugonjwa huo, na ikiongezwa itaumaliza ukuta.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi, nao hunywa maji: ya mvua kutoka juu, ya ardhini kutoka chini, na unyevu wa bahari kutoka hewani. Ulijengwa ukijua hivyo. Lipu ya chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo maji yaliyoingia yanatoka tena polepole na ukuta unakauka. Saruji haina huruma hiyo. Inafunga uso, maji yanabaki ndani, yanayeyusha chumvi, chumvi inasogea hadi nyuma ya lipu na kuganda hapo. Ikiganda inavimba, na inachovimbia ni saruji yenu. Huo unga mweupe ndio chumvi yenyewe.

Kibaya zaidi hakionekani. Sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko, na vichwa vya boriti vimeingia ndani ya ukuta. Ukuta usiokauka unaozesha vichwa hivyo, huku katikati ya boriti kukiwa kuzima kabisa. Mtu anatazama dari, anaona boriti nzuri, na siku moja sakafu inashuka. Chukueni bisibisi, dungeni kila boriti pale inapoingilia ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, hamisheni watu kwenye chumba hicho leo, na chumba cha chini yake pia.

Kazi iende kwa utaratibu huu. Kwanza nendeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985. Matengenezo ya nyumba ndani ya eneo la hifadhi yanahitaji kibali chao, na wanawajua mafundi wa chokaa. Pili, tafuteni maji yanatoka wapi kabla ya kugusa lipu. Mara nyingi chanzo ni mfereji wa paa uliotoboka, bomba lililofukiwa ukutani, au mpira wa kiyoyozi unaodondoshea maji mahali pamoja mchana na usiku. Msipoziba chanzo mtakuwa mnapaka dawa juu ya kidonda kichafu.

Tatu, saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine, kwa sababu mtikisiko unalegeza mawe. Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole: panapolia utupu, saruji imeshaachia na itatoka kwa urahisi. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu na izolewe. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Kisha uacheni ukuta wazi ukauke. Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanaposhindwa kuvumilia, kwa sababu ukuta mnene hukauka kwa miezi, si kwa siku, na nyumba iliyo uchi haipendezi. Vumilieni kiangazi kizima kama mnaweza.

Nne, lipu mpya. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa wiki kadhaa, sehemu moja, kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga uwe wa shimoni, usiwe wa pwani, la sivyo mtakuwa mmepeleka chumvi nyingine kwa mikono yenu. Lowesheni ukuta kidogo, pigeni tabaka lisilozidi unene wa sentimita moja, lifunikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa ili lisikaukie juani na kupasuka, ndipo lije tabaka la pili. Mwisho pakeni chokaa nyepesi mikono miwili au mitatu. Rangi ya mafuta na rangi za plastiki zinafunga uso kama saruji, kwa hiyo huko msirudi.

Tazameni pia kilichowekwa juu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja imekaa juu ya vijiti vya mikoko ambavyo aliyevipanga hakuwahi kufikiria tangi. Sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya sakafu ya zamani nayo ni mzigo uleule. Matangi yashushwe chini, maji yapandishwe kwa pampu hadi kwenye tangi dogo lililokaa juu ya ukuta, si katikati ya chumba.

Mji huu uliandikwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na bado nyumba zinaanguka. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu moja tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili walikufa. Ikiwa jumba hilo lilianguka, nyumba ya Kiponda iliyozibwa pumzi haitasubiri kwa muda mrefu. Yafanyeni haya mapema.

Mkija wenyewe kusimamia, kumbukeni kwamba tangu Oktoba 1, 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima.

Nitaitambuaje milango ya Kiarabu na ya Kihindi? Na je, naweza kununua mlango wa zamani?
*Msomaji, Mombasa*

Tazama juu. Mlango ambao kizingiti chake cha juu ni ubao ulionyooka, wenye nakshi na mara nyingi maandishi ya Kiarabu, ndio unaoitwa wa Kiarabu. Ule wenye upinde juu yake uliojaa nakshi za majani na maua umetokana na mkono wa Kihindi, na ulishamiri kuelekea mwisho wa karne ya 19. Wapo pia wa Kigujarati: mbao zake zimegawanywa miraba midogo midogo na hukunjwa, na utaiona kwenye mitaa ya maduka, maana duka linataka mlango unaofunguka wote.

Kisha shuka na macho. Pembeni ni miimo, katikati ni mfaa, ule mhimili unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Kwenye miimo angalia nakshi ya chini kabisa, mara nyingi ni samaki au mawimbi. Mnyororo unaozunguka fremu husemwa ni ulinzi wa nyumba, mtende ni neema, samaki ni riziki. Misumari ya shaba iliyochongoka inanasibishwa na India, ambako milango ilijihami dhidi ya tembo. Unguja hakuna tembo wa kusukuma mlango, kwa hiyo hapa misumari hiyo inatangaza uwezo wa mwenye nyumba.

Mlango wa zamani usinunue. Ukiuona umeegemezwa dukani, kuna nyumba imebaki na tundu lililozibwa kwa matofali, na fremu ikishang'olewa mawe ya juu yake yanakosa cha kuyashika. Agiza mpya kwa wachongaji. Wapo mjini na wanapokea vipimo vyako. Uliza mti: msaji hudumu sana lakini ni ghali, mfenesi ni mzuri na rangi yake ya manjano hukolea kwa miaka. Sharti moja tu: mbao iwe kavu kweli. Mlango uliochongwa kwenye mbao mbichi utapinda Mombasa kabla ya mwaka, na nakshi itapasuka kwenye mshipa.

Nitaleta wanafunzi 40 wa sekondari Mkunazini. Niwaandaeje?
*Mwalimu, Kigoma*

Mwalimu, wanafunzi wako wanatoka mahali historia hii ilipoanzia safari. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilitoka Ujiji, ikapita Tabora hadi Bagamoyo, kisha ikavuka bahari kuja hapa. Wachoree njia hiyo ubaoni kabla hawajapanda basi. Wakifika Mkunazini watajua kwamba wamefuata njia ile ile.

Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Uingereza lililosimamiwa na balozi wake John Kirk. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka huohuo. Ndani waonyeshe altare, ambapo inasimuliwa palikuwa na mti wa kufungia na kuchapa watumwa. Kaburi la Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, liko nyuma yake. Na msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulizikwa. Karibu na mlango zipo nguzo zinazosimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa safarini.

Vyumba vya chini ya ardhi vina dari fupi na hewa nzito, kwa hiyo wagawe makundi ya watu kumi kumi, na mwenye pumu akae karibu na ngazi. Uwaambie pia, maana ni wanafunzi wa historia, kwamba wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama vyumba hivyo hasa vilikuwa vya kufungia watumwa, kwa kuwa jengo la juu lilikuja baadaye na lilikuwa la misheni. Biashara yenyewe haina shaka, na maonyesho yaliyo papo hapo yanaieleza vizuri. Wapitishe huko kwanza, kisha chini, na mwisho kwenye sanamu ya watu watano waliofungwa minyororo shimoni. Hapo uwaache wanyamaze. Usiwaruhusu kupiga picha za kuchekacheka.

Forodhani usiku tule nini, na tusile nini?
*Msomaji, Dodoma*

Mabanda yanaanza baada ya magharibi. Kinachouzwa kwa jina la piza ya Zanzibar ni mantabali: unga mwembamba uliotandazwa, nyama ya kusaga, yai na kitunguu, ukakunjwa na kukaangwa mbele yako. Kula, kwa kuwa unaona kila kilichoingia. Maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu nayo yakamuliwe ukiwepo. Urojo pia: mchuzi wa unga wa ngano wenye manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani yake bajia, viazi, kachori na chipsi za muhogo, juu chatne ya nazi. Onja kabla ya kuongeza pilipili.

Mishikaki ya pweza, ngisi na kamba iangalie vizuri. Iliyokwisha kuiva na kupangwa hupashwa moto tena, na kama haikuuzwa jana huenda ikawa ndiyo hiyo. Ngisi akiwa mkavu na rangi ya hudhurungi pembeni, pita. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa sahanini, kimoja kimoja, si "yote shilingi ngapi" mwishoni. Mwezi wa Ramadhani mchana hapana kula hadharani. Jioni baada ya futari ndipo mji unapoamka.

Kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe, saa ngapi ni nzuri?
*Msomaji, Bujumbura*

Fuateni maji, si saa. Boti zinaondoka ufukweni karibu na Mtini na safari ni kama nusu saa. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji Unguja hujaa karibu saa kumi na hutoka kabisa karibu saa nne. Mkienda saa tatu asubuhi siku hizo, mtashukia mbali na mchanga na kutembea juu ya mawe yenye fuma, wanyama wadogo wa baharini ambao miiba yao hukatikia mguuni. Vaeni viatu vya maji. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayapungui sana, na asubuhi huwa ndiyo wakati mzuri: bahari shwari, boti inafika karibu na ufukwe.

Kobe walitoka Ushelisheli kama zawadi mwaka 1919. Msiwapande na msiwape chochote ila majani mnayopewa na walinzi. Jengo la gereza lililojengwa 1893 halikukaa wafungwa kama lilivyokusudiwa. Lilitumika kwa karantini ya magonjwa. Mpatane nauli ya boti nzima kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kungojwa, kabla ya kupanda, na mlipe mkisharudishwa Mtini. Jioni ya bamvua, mkiwa mmerejea, piteni ukutani Forodhani: maji yakiwa juu vijana wanajitosa kutoka ukutani mmoja baada ya mwingine hadi jua linazama.